Wana wa Israili Walikwenda Wapi

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Nimeisema kwa sauti hapa barazani, nikangoja, kama mjinga. Kuku wa jirani walinyanyua vichwa, basi.

Niko Mahege, nyumbani kwako. Masika yameshika, na upande wa jikoni panavuja. Mama Mkubwa hayupo. Alipotoka eda kaka yake alikuja kumchukua, sasa anakaa Kibiti. Mikeka ya watoto wa chuo chako cha Kurani imekunjwa pembeni na mchwa wameanza kuila. Ninalala chumba kilekile cha utoto wangu, napika mwenyewe, nakula mwenyewe. Wapitao njiani hunisalimu, lakini hakuna anayeketi.

Nataka nikusimulie yaliyonipata, maana ni wewe tu ambaye ungetaka kuyasikia yote.

Unakumbuka dungu la shamba la bondeni? Tulikuwa tukipanda juu kulinda mpunga, ndege wakitua unavuta kamba na madebe yanalia. Baba alikuwa amefariki, wewe umenichukua kutoka kwa mama aliyekuwa mgonjwa, nami nilikuwa sisemi na mtu. Hukunilazimisha kusema. Ulinisimulia habari za Mitume, siku baada ya siku, kana kwamba unajisimulia mwenyewe. Yusufu na ndugu zake nilimpenda kupita wote, kwa kuwa mwisho wake walionana. Kisha ukafika kwa Musa, bahari ikapasuka, wana wa Israili wakatoka Misri. Hapo ukakomea, ukashika kamba yako.

Nikakuuliza, "Halafu walikwenda wapi?"

Ulinitazama kwa muda, kwa sababu nilikuwa nimesema. Ukajibu, "Kidogo najua, mpaka zama za Mtume wetu. Baada ya hapo sijui, mwanangu. Ukifika kwa wanaojua, uliza."

Mtu mzima, mwalimu wa watu, akamwambia mtoto kwamba hajui. Nadhani ndipo nilipokuwa mtoto wako.

Kwa hiyo serikali iliponipeleka Uingereza kusomea ualimu, nikaambiwa nichague na somo jingine la chuo kikuu, nilichagua historia ya Wayahudi, na dini yao, na lugha yao ya Kiebrania. Mwalimu wa somo hilo, mzee mmoja mwenye macho mabovu, aliniuliza mtu wa Rufiji anataka nini huko. Nikamweleza habari ya dungu na madebe. Nilidhani atacheka. Alisema tu, "Basi tuanzie pale mlipoachia."

Walikwenda kila mahali, Baba Mkubwa. Walichukuliwa mateka Babeli, wakarudi, wakajenga, wakabomolewa. Wakaenda Yemeni, Misri, Moroko, Bara Hindi, Hispania, na nchi za theluji ambako mto huganda mpaka watu hupita juu yake. Kila walipofika walijenga pa kusalia na pa kufundishia watoto, na watoto wao husoma kwa kuimba huku wakitikisa miili, hivi hivi kama wako. Mara nyingi walifukuzwa, wakabeba vitabu wakaanza upya pengine. Nguruwe hawali. Wana wao wa kiume huwatahiri. Nilipoanza kujifunza maneno yao niliikuta nafsi, wao wanaiita nefesh, nikaikuta na roho, wanaiita ruakh. Nilicheka pale maktabani, nikageuka nimtafute wa kumwambia. Kila mmoja alikuwa ameinamia kitabu chake.

Huo ndio uliokuwa upweke wangu, na sikukuandikia habari zake. Wanafunzi Waislamu wa nchi nyingine walikuwa wakinialika chakula kila Ijumaa. Walipojua ninachosoma wakaacha. Mmoja wao alitoka Palestina, nyumba ya baba yake imekaliwa na wengine. Wanafunzi wa Kiyahudi walinikaribisha katika sikukuu zao kwa adabu, wakanipa kiti kizuri, lakini mtu hawezi kuwa nyumbani kwa watu anaowasomea mtihani. Nikawa napita katikati. Jumapili nzima ikipita, sauti niliyoisikia ni ya kukohoa kwangu.

Nilikuandikia mambo mazuri tu, kwa hati za Kiarabu ili usihitaji msomaji. Bwana Kanji wa dukani Ikwiriri alizipokea barua na kumpa mtu yeyote anayekuja Mahege. Na wewe, kwa furaha yako, ukaenda kuwasomea watu msikitini. Hilo sikulijua. Sikujua kwamba waliposikia neno Wayahudi walianza kunong'ona kwamba mtoto wa Mwalimu ameingizwa dini nyingine huko Ulaya. Sikujua kwamba waliwaondoa watoto wao chuoni kwako, mmoja mmoja, mpaka ukabaki na mikeka. Yote haya nimeelezwa na Mama Mkubwa. Anasema walikuja kukutaka unikane, ukawaambia, "Hakutoroka. Nilimtuma mimi." Na barua zako kwangu ziliendelea kusema watoto hawajambo, wanasoma.

Baba Mkubwa, kwa nini hukuniambia? Ningerudi.

Labda ndiyo sababu.

Simu ya maandishi ya kifo chako ilipigwa na Bwana Kanji. Maneno yalikuwa machache, nikayasoma nimesimama mlangoni pa nyumba niliyopanga. Mwenye nyumba, Bi Rivka, ni mjane wa Kiyahudi, mzee, mtu wa maneno makali kuhusu maji ya moto na taa. Ndugu zake wote waliuawa na Wajerumani wakati wa vita. Aliniona, akaichukua ile karatasi mkononi mwangu akaisoma, asiombe ruhusa. Kisha akaenda kufunika kioo cha ukumbini kwa shuka. Akaleta kigoda kifupi akaniketisha karibu na sakafu. Akachemsha mayai akanimenyea.

Nilikijua anachokifanya. Nilikuwa nimekiandikia insha, namna Wayahudi wanavyokaa msiba, nikasifiwa darasani. Sikuwa nimekielewa. Ni matanga, Baba Mkubwa. Ni matanga hasa, ila wao huketi chini kwa kigoda na sisi kwa mkeka.

Nilitaka kuinuka nimsaidie kuosha vyombo. Akanizuia, "Wewe keti. Kazi yako leo ni kuketi."

Majirani zake wakaja, wazee wenzake, watu wasionijua wala kukujua. Walikaa, hawakusema mpaka niseme mimi, ndiyo desturi yao. Bi Rivka akaniuliza, "Alikuwa mtu wa namna gani?" Nikawaeleza unavyokoroma, unavyowaogopa mbwa, unavyotia chumvi nyingi kwenye mlenda hata Mama Mkubwa akakuficha kopo. Nikacheka nao, kisha nikalia mbele yao. Walipoondoka nilimwomba nikusomee Yasini. Akaketi pembeni mpaka nikamaliza. Ndipo akanitajia jina la mdogo wake, Yakobo, ambaye hana kaburi. Nilimwitikia amina. Siku zilizofuata asubuhi nilikuta kigoda kipo palepale, na yai.

Nilirudi baada ya mtihani. Nilishuka Kibiti na sanduku la vitabu, nikampata Mama Mkubwa amekonda. Tukaja naye huku kwa hitima yako. Watu walijaa, sikutegemea. Nilichukua juzuu nikakaa nisome. Shehe Mbonde, mliyesoma naye Kilwa, akainua mkono kunizuia. Akasema kabla sijamsomea marehemu watu wanataka kunisikia nikitoa shahada.

Kama mgeni anayesilimu. Mimi, niliyefundishwa kuisema na wewe kabla sijajua kufunga vifungo vya kanzu.

Nilifikiri kuinuka niende zangu, na miguu ilikwisha kujikunja kuinuka. Lakini ilikuwa hitima yako, na ningeondoka wangesema, mnaona. Nikaitoa. Sauti ilitetemeka, si kwa woga. Kisha nikamsikia Mama Mkubwa kutoka upande wa wanawake, hakupaza sauti, "Mmemtaka aseme, amesema. Sasa na nyie semeni nani wa kumwomba radhi marehemu kwa kumwachia mikeka mitupu."

Tulisoma. Nilisoma nikiwa nimekaa peke yangu, pande zote mbili za mkeka wazi, mpaka dua.

Serikali inanipa kazi ya kufundisha historia katika shule ya Kibiti. Sijui nitawafundisha wanafunzi nini kuhusu Wayahudi na nitaruhusiwa kiasi gani. Nitaanza na walikotoka babu zao wenyewe, vilima vya Umatumbi, na namna walivyovuka mto pale Ndundu wakitafuta pa kulima. Kisha nitawaambia kwamba wapo wengine waliotembea hivyo. Mtoto akiniuliza jambo nisilolijua, nitamwambia sijui.

Kwa hiyo nahama. Jana nilikuwa nafunga vitu, Shehe Mbonde akaja. Alisimama uani mvua ikimnyeshea, hakutaka kupanda barazani mpaka nimkaribishe. Nikamkaribisha. Alizungumza habari za mpunga, za viboko waliolala shambani kwake, za mguu wake. Nilijibu kila neno kwa ufupi. Mwisho akasema nyumba isiyo na moto huanguka upesi, na mimi nitakuwa Kibiti, na yeye yu hapa.

"Ufunguo niachie mimi," akasema. "Nitakuwa naja kuwasha moto, moshi ufukuze mchwa."

Moyo wangu haujamwelekea, sikufichi. Lakini nilimtazama nikaona mzee ambaye, tangu ulipoondoka wewe, hana tena wa kubishana naye baada ya Isha, nikafahamu kwamba hayo ndiyo maombi ya radhi anayoyaweza. Nikampa. Akaufunga katika pindo la shuka yake. Kisha, Baba Mkubwa, akaketi. Alikaa mpaka mvua ikapungua.

Sasa naondoka, gari la mzigo linanisubiri barabarani. Nakuahidi kila kiangazi, kabla ya mvua, nitakuja kuezeka. Nitaleta makuti mwenyewe, na nikikosa mtu wa kunishikia ngazi nitaiegemeza ukutani. Nyumba yako haitaanguka nikiwa hai.

Lala salama, Mwalimu. Mungu akupanulie kaburi lako, akutie nuru.

Mimi mwanao,
Salumu