Tiba Mbili na Jibu la "Salama"

Jumanne, Erdington

Lazima nichague. Daktari kasema tiba zote mbili zinasaidia maradhi yangu ya haiba, haya yanayonipandisha hasira ghafla: moja ya kundi, nyengine ya kuzungumza mimi na mtaalamu peke yetu. Hakuna iliyo bora kuliko nyengine. Inayofaa ni ile nitakayodumu nayo.

Mama kwenye simu kutoka kwetu: "Kunywa kombe, mwanangu, usomewe." Nitayanywa maji hayo yaliyooshewa aya za Kurani. Lakini tiba pia naitaka.

Tatizo ni mazoea yetu. Nikiulizwa hali najibu "salama, alhamdulillahi," hata siku niliyomfokea binti yangu Salma akajificha chini ya meza. Mtaalamu nikimjibu hivyo atanisadiki. Kwenye kundi nitawasikia wenzangu wakisema kweli, labda na mimi...

Leo Salma kaniuliza, "Mummy, are you okay?"

"Hapana, mwanangu. Mama anaumwa. Wewe huna kosa."

Nitakwenda kwenye kundi.