Napenda Misitu, Lakini Ndege Wamepajua Kwetu

Kampala, Februari 1976

Mpendwa mshauri Bi Safinah,

Naomba msaada wako, na unisamehe kwa barua hii kuja kwa mkono wa Emile, Mkongo muuza vitenge wa soko la Nakivubo anayekuja Nairobi kila mwezi, maana za posta hapa hufunguliwa. Jina langu ni Acan, nina miaka kumi na tisa, tunakaa Makindye kwenye nyumba za wafanyakazi wa serikali, baba ni dereva wa lori la idara ya barabara, na sisi ni watu wa kaskazini, ambao siku hizi hushukiwa, kwa hiyo baba husema "ndiyo afande" hata kabla hajaamriwa. Nimemaliza kidato cha sita na fomu ya chuo kikuu iko mbele yangu, inatakiwa mwisho wa mwezi, na tangu utoto sijataka kitu kingine ila kusomea mimea na wanyama na misitu, wala sifikirii cheo, ni kupenda tu, nikisimama penye mafunjo na maji nikasikia vyura basi nasahau hata njaa.

Mwalimu wangu wa baiolojia, Madamu Bibiane, aliniambia nikiwa na daftari la mwaka mzima la mambo niliyoyaona msituni kwa macho yangu, atalipeleka kwa profesa mmoja na nafasi nitaipata, kwa hiyo mwaka jana wote kila Jumamosi asubuhi nilipanda basi mpaka msitu mmoja nje ya mji, sitautaja, nikaandika kila mti na kila ndege. Ndipo wakaja kaloli, unawajua, wale korongo wakubwa wenye vipara na mfuko shingoni, ambao hapa Kampala hukaa majalalani, na msitu ule hauna jalala. Septemba walikuwa wanne, Oktoba kumi na tisa, Desemba sitini na watatu, na mimi niliandika kwa furaha, Bi Safinah, kwa furaha, "Wanaongezeka. Chakula chao bado hakijulikani." Nikaandika pia kwamba upande wa bondeni majani yamekuwa mabichi kuliko pengine pote, yananifika kifuani, na kwamba ndege wadogo wameacha kuimba, mchana kweupe nasikia pumzi zangu mwenyewe.

Kuna mama anayechoma gonja, zile ndizi tamu, pale ninaposhukia basi, siku moja akaniita.

"Dada, kila Jumamosi wewe naingia uko. Nafanya nini?"

"Nahesabu ndege, mama."

Akanitazama mpaka gonja ikaungua. "Sisi hata kuni tumeacha kuokota uko," akasema. "Wewe nahesabu!"

Sikumwelewa, au nilielewa nikakataa kuelewa. Jumapili iliyofuata nilikuwa nafua suruali ya baba, na kwenye pindo nikakuta mbegu zenye ndoano tatu zimeng'ang'ania kitambaa, na mbegu hizo nazijua, nimezibandika kwenye daftari ukurasa wa arobaini, sijaziona popote ila kule bondeni. Baba alikuwa ametuambia wiki nzima anabeba mchanga Entebbe. Nilizitoa moja moja, nikazitupa chooni, nikaanika suruali.

Jumamosi nikaenda tena. Najua utanigombeza. Saa nne asubuhi, jua kali, nikaona lori la baba limeegeshwa chini ya miti, baba yuko ndani peke yake, mikono kwenye usukani, macho ameyafumba. Kaloli hawakulikimbia lile lori. Walikuwa wamesimama juu ya bodi yake, wengine juu ya paa la dereva, na lilipoondoka polepole kuelekea bondeni na askari wawili wenye sepetu wakitangulia kwa miguu, ndege wote wakashuka wakalifuata kwa nyuma, wanatembea, kama kuku wanaomjua anayewalisha. Nilijificha kwenye majani. Walichoshusha sikukiona kwa sababu nilifumba macho, nilisikia mabawa tu, na mlango wa bodi ukigonga.

Tangu hapo kaloli wanakuja Makindye. Baba akiegesha lori mbele ya nyumba, wanatua ukutani, watatu, wanne, wanalitazama. Mama anasema wamefuata takataka. Baba huwarushia mawe, wanasogea hatua mbili na kusimama tena.

Juzi nilirudi kutoka sokoni nikamkuta baba ameketi kitandani kwangu na daftari mapajani, amefika ukurasa wa Desemba. Nikadhani atanipiga. Akasema polepole, "Hesabu yako ni sahihi, ila Desemba umepunguza." Sikuthubutu kuuliza kama anazungumzia ndege. Kisha akaniambia, "Acan, jaza uhazili. Mtu anayepiga taipu haangalii juu."

Sasa Madamu Bibiane ananidai daftari, baba anataka fomu ya uhazili, mama hajui lolote, na aibu yangu kubwa kuliko zote ni kwamba bado naupenda msitu, nikifumba macho nauona ulivyo mzuri. Je, mtu kama mimi ana haki ya kusomea misitu? Na nimpende vipi baba yangu? Nisaidie.

Acan

JIBU

Acan mwanangu,

Pole. Barua yako nimeisoma mara mbili na chai yangu ikapoa mezani. Sasa nikugombeze, maana umejitakia. Mama wa gonja alipokwambia watu wazima wameacha kuokota kuni mahali fulani, ulipaswa kuvuka barabara na kupanda basi la kurudi. Wewe ukarudi msituni na kalamu! Ungeonekana, leo ningekuwa nasikia habari zako kwa Emile, si kwa mwandiko wako. Usirudi kule tena, hata kwa kuaga.

Ile furaha uliyoiandika usijiadhibu nayo. Hukujua. Ulipojua, ulifumba macho, na ningekuwa mimi ningefumba pia. Msitu haujamkamata mtu wala kumfunga kamba, na ndege hula wanachowekewa. Waliotenda ni watu. Kwa hiyo haki ya kusomea misitu unayo, na usimwombe mtu yeyote, hata mimi.

Lakini si Kampala mwaka huu. Fomu ya huko jaza uhazili, kwa mwandiko mzuri, aione baba na aione yeyote atakayepita ofisini. Madamu Bibiane akuandikie barua ya kukusifu kwa chuo cha huku kwetu. Mwambie daftari limelowa mvua, na jina la msitu usimtajie kamwe, kwani asilolijua hawezi kulazimishwa kulisema. Daftari mpe Emile wiki hii hii, alifunge katikati ya vitenge aniletee.

Kuhusu baba yako, mimi simsafishi wala simhukumu. Mtu anayelala usingizi mzuri hafumbi macho kwenye usukani saa nne asubuhi. Amesoma ulichoandika, hakukichoma, na hakukuambia uongo mwingine. Mpende kwa hicho alichobakiza. Toka naye mwende penye kelele, si ndani ya nyumba zenye kuta nyembamba. Usimuulize wangapi. Muulize jambo moja tu: Baba, unataka kutoka? Akisema ndiyo, Emile anajua njia ya kuvuka mpaka Busia. Akisema hapana, piga magoti umuage, kisha uondoke. Usingoje abadili nia. Ukifika Nairobi uliza nyumba yangu hapa gazetini, kitanda kipo.

Safinah

Wasomaji, jibu hilo sikulichapa wakati ule. Lilikwenda kwa mkono. Acan ameniruhusu kuyatoa yote leo, Mei 1979, kwa kuwa serikali ile imeanguka. Alifika mlangoni kwangu wiki sita baada ya barua yake, amevaa gauni la mama yake, mfuko mmoja. Baba alimjibu kituoni, katikati ya honi za magari: "Nikiondoka, wataweka dereva mwingine, kisha watauliza wewe uko wapi." Akampandisha basi mwenyewe.

Anasomea misitu, mwaka wa tatu, na walimu wake wanamsifu. Barua za nyumbani zilikuja za mama na za baba kwa zamu. Tangu mwaka juzi zimekuwa za mwandiko wa mama peke yake, zikisema wote hawajambo, na Acan hakuwahi kuuliza kwa nini. Jumatatu iliyopita amepanda basi la Busia kwenda kuuliza.