Siala Zimeota Oyugis

Baba,

Ni mimi, Akinyi. Nimekaa kwenye benchi lako hapa kitaluni, daftari magotini. Mama ndiye aliyenituma nikuandikie.

Tangu tukuzike, nakusikia. Asubuhi nikifagia uwanja nasikia maji yakimwagika huku, taratibu, kama vile ulivyokuwa ukiinyunyizia miche umeinamisha keni ya maji. Nikija, udongo ni mkavu. Keni inaning'inia ukutani, buibui amejenga mdomoni mwake. Mara ya kwanza nilikimbia. Siku hizi nasimama tu na kusema, "Baba, nimefika." Halafu nangoja. Sijui nangoja nini.

Nilikudanganya. Wacha niliandike kabla mkono haujakataa.

Zile wiki zako za mwisho, kila asubuhi ulinituma nikaangalie mbegu za mti wa siala tulizopanda pamoja ulipokuwa bado na nguvu za kushika jembe. "Zimeota?" Nikasema zimeota. Kesho yake nikasema zina majani mawili. Ulifumba macho, ukasema, "Nilimwambia yule kijana."

Haikuota hata moja, Baba.

Yule kijana, afisa wa misitu, hakuja kwa dharau. Alisema joto limezidi huku kwetu, mvua haikai ardhini, na miaka ijayo huenda siala ikapenda kule juu milimani kuliko huku Ndhiwa. Ulimsindikiza hadi langoni kabla hajamaliza chai. "Nguzo za nyumba zote unazoziona zilitoka kwenye kitalu hiki," ulimwambia. "Siala si ng'ombe wa kuhamishwa malisho." Mimi nilicheka. Nilikuwa upande wako.

Baada ya mazishi nilikwenda nyuma ya zizi kutafuta mbolea. Nikakuta lile rundo. Miche mikavu, mamia, bado imo kwenye karatasi zake za kuoteshea, umeifunika kwa magunia na matawi. Ya misimu mingapi, Baba? Nikakumbuka ulivyokuwa ukiamka kabla yetu sote, na wanunuzi wakifika wanakuta vitanda vya miche vimesafishwa, unawaambia miche imeisha, imenunuliwa yote. Nilikaa chini palepale. Kumbe ulijua. Kumbe mimi nilikuwa nakuficha na wewe ulikuwa unanificha, na tulikula ugali meza moja.

Uliomba siala kichwani pa kaburi lako. Nimepanda tatu. Nilizimwagilia maji niliyobeba kutoka mtoni, nikazijengea kivuli cha majani ya migomba. Zote zimekauka. Ya tatu ilipokufa nilimwambia Mama kuhusu yale maji ninayoyasikia. Hakushtuka. Alikuwa anachambua mboga, akaendelea kuchambua. "Anatafuta miche yake," akasema. "Hakuna aliyemwambia iko wapi."

Basi nakuambia.

Ule mti mama nyuma ya nyumba umekauka juu, lakini tawi la chini lilizaa. Nilichuma maganda yake kabla hayajapasuka na upepo kuchukua mbegu, nikazifunga kwenye leso, nikazipeleka Oyugis kwa Waya, dada yako. Kwake ni juu, asubuhi kuna ukungu, na kijito cha chini ya shamba bado kina maji. Alizitazama mbegu kiganjani mwangu. "Hata zisipoota," akasema, "angalau umekuja kunitembelea."

Zimeota. Nimeziona kwa macho yangu, nimezigusa, na safari hii sisemi ili ulale vizuri. Sasa zinanifika magotini. Nilipoziona sikufurahi kama nilivyodhani. Nililia nikiwa nimeshika jani, kwa sababu yule kijana alisema kweli, na wewe hukuwa hapo kubishana naye.

Mama amekubali tukifunge kitalu hiki. Tutabaki na mtama na mihogo. Siku moja, mvua zikikaa tena Ndhiwa, nitaileta mbegu nyumbani. Siwezi kukuahidi lini. Nimeacha kukuahidi nisichokijua.

Ninachoweza kukuahidi ni hiki. Jumamosi tunaipanda miche kando ya kijito. Kabla sijauweka wa kwanza shimoni nitalitaja jina lako lote, na la baba yako, kwa sauti ambayo Waya ataisikia akiwa jikoni. Ufuate hiyo sauti. Kaburi tutalitunza, usijali, lakini wewe usibaki hapa.

Kwaheri ya Ndhiwa, Baba. Ukifika, simama upande wa kijito, udongo wa huko ni laini.

Binti yako,
Akinyi