Simba Wawili, Mizani Hamna

Jumatatu, 6 Oktoba

Shangazi kaja karakanani kwetu, tunapojalidi vitabu, na mfuko wa nguo. Ndani, karata zake za taroti, za kutazamia watu bahati – zile kongwe, alizoachiwa na bibi mgonjwa aliyemuuguza kabla mimi sijazaliwa. Kingo zimekwisha, nyingine zimeanza kuachana tabaka. Anataka nizitengeneze, kisha nizifanyie kasha. Katoa na bati la biskuti: pakiti nyingine, mpya zaidi, yenye rangi nyingi. Aliinunua zamani kwa sababu moja tu. Kongwe alizipokea zikiwa na pengo la namba nane, basi akachukua nane ya hii akaitia kule. Zilizobaki hazitaki. Eti zinapiga kelele.

Mzee Gundi, bosi wangu, alizitazama kama mtu anayepita karibu na mbwa wa jirani. Kasema karatasi ni karatasi, ila nisiziache juu ya meza yake.

Shangazi akiondoka akanikumbusha kikao cha Jumapili. Kana kwamba nimesahau! Kaka yangu, Bwana Mipango, anataka nyumba ya mama ipangishwe. Mimi “nitatafutiwa chumba”. Mama alituachia sote wawili, akalisema mbele ya shangazi mwenyewe. Humu nimeishi, humu nimemuuguza hadi akafumba macho. Lakini kaka husikiliza mtu mmoja tu duniani, naye ni shangazi. Na shangazi ameshanifungulia karata mara mbili juu ya jambo hili. Mara zote katoka mwanamke anayemshika simba kinywa. Nguvu. Vumilia, mwanangu, yatapita.

Mimi siamini karata. Ila nimevumilia.

Jumanne, 7 Oktoba

Kazi ya kutuliza roho. Gundi ya wanga, brashi nyembamba, karatasi ya kunyonya maji, halafu ubao na jiwe juu. Zile karata kubwa – mfalme, mnara, mwezi na wenzao – nimezipanga kwa namba, kongwe safu ya juu, mpya safu ya chini, nisije nikachanganya.

Picha ni zilezile, na si zilezile. Mfalme wa zamani ana ngao yenye tai. Mfalme mpya kakalia kiti chenye vichwa vya kondoo dume, na pembeni kachorewa alama ya nyota ya Kondoo. Kongwe hazina alama ya nyota hata moja. Mpya kila moja ina nyota yake au sayari yake, kama watoto walioandikwa majina kwenye kola siku ya kwanza ya shule. Mnara unaoungua umepewa Mirihi. Malkia mwenye mimba kapewa Zuhura – hapo sina ubishi. Mwezi ndio ulionichekesha. Kuna mdudu wa majini anachomoza pale, magando yote nje, lakini alama ni ya Samaki! Nyota ya Kaa imepelekwa kwenye gari la vita. Nikamwonyesha Mzee Gundi. Kasema hata maofisini watu hupangwa hivyohivyo. Kichwa hakuinua.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimeona jambo, na sina raha.

Namba nane ya kongwe ni ile ya kupachikwa: mwanamke na simba, pembeni nyota ya Simba. Sawa. Nikafika kumi na moja ya kongwe, yake ya asili. Mwanamke na simba tena. Nikadhani ni macho. Nikashuka safu ya chini, kumi na moja ya mpya: mwanamke ameketi, upanga mkono huu, mizani mkono ule. Haki. Nyota ya Mizani, ambayo ndiyo yangu, na mwezi wenyewe ndio huu.

Nikavuta kiti. Kalenda za nyota tunazijalidi kila mwaka, mpangilio naujua kama njia ya kwenda jikoni: Simba, Mashuke, Mizani. Waliochora karata mpya walitaka zifuate mbingu. Simba atangulie, Mashuke apewe yule mtawa mwenye taa, namba tisa, Mizani ije nyuma yao. Ndipo wakabadilisha namba, Nguvu ikawa nane, Haki ikawa kumi na moja. Wa zamani mbingu haikuwahusu. Kwao nane ni Haki, kumi na moja ni Nguvu.

Shangazi aliziba pengo kwa kufuata namba. Iliyopotea ni Haki, yeye akaweka simba wa pili. Na hakushtuka, kwa sababu ile nane ya asili hakuwahi kuiona. Akaitungia na somo, nalikumbuka tangu utoto wangu: simba wa kwanza ni wa mwili, simba wa pili ni wa moyo.

Kwa hiyo miaka yote hiyo Haki haikuwemo. Isingetoka hata angechanganya mpaka vidole viote sugu. Na simba alikuwa na nafasi mbili. Wangapi wamekaa kwenye kile kiti cha sebuleni kwake wakaambiwa wavumilie? Yule mshonaji aliyepigwa na mumewe. Mwalimu aliyeonewa akahamishwa. Mimi.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimwambie? Nisimwambie? Leo nimekata kadibodi ya kasha vibaya, mara mbili. Mzee Gundi kaniuliza kama nimependa mtu.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimemwambia.

Sikujua pa kuanzia, nikaweka karata tatu mezani kwake: simba, simba, mizani. Nikaeleza habari ya namba. Alianza kunijibu kwamba simba wa kwanza ni wa mwili, akaishia njiani. Akaigusa ile mizani kwa kidole. Ilikuwa wapi hii? Kwenye bati, shangazi, nikamwambia. Chini ya kitanda chako.

Alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. Kisha akanipa jambo ambalo katika ukoo hatujawahi kulisikia. Alipofiwa na mume, mashemeji walilichukua duka la nguo – duka aliloanzisha yeye, kwa cherehani yake, kabla hata ya ndoa. Watu wakamwambia aende mahakamani. Alikuwa na mashahidi. Asubuhi ya kwenda akazichanganya karata kwanza. Wakatoka simba wote wawili, ubavu kwa ubavu. Akavua viatu, akarudi ndani.

“Na wala sikujuta,” akasema. “Nilijiona shujaa. Nikawafundisha na wengine.”

Nikamshika mkono tukakaa. Nimemhurumia sana shangazi yangu leo. Na nimekasirika pia, sijui kumkasirikia nani.

Mlangoni akasema simba yule wa pili nimtoe. Mahali pake niitie yenyewe, ile Haki.

Jumamosi, 11 Oktoba

Kasha tayari, kitambaa cha kijani. Mizani nimeipunguza kingo, nikaibandika karatasi ya kaki mgongoni kama wenzake. Shangazi alizibandika zote zamani ili zisijulikane kwa nyuma. Ukizichanganya sasa, hata mimi siijui ilipo.

Kaka kapiga simu. Eti kesho ni jambo dogo, tusilikuze. Nikamjibu karibuni. Basi! Ulimi wangu huu, wa kukopa labda.

Jumapili, 12 Oktoba

Naandika nimesimama jikoni, birika liko motoni.

Shangazi aliwahi kufika. Hapahapa jikoni akalifungua kasha, akazichanganya, nikakata. Akachomoa moja, akailaza kifudifudi mezani. Kabla hajaigeuza, kaka akabisha hodi. Shangazi akaifunika na kisosi, akaenda kumpokea.

Kaka kaja na futi ya kupimia. Salamu hazijapoa, ameshapima sebule na chumba cha mama. Tukakaa. Akaeleza mipango yake, vizuri sana, kama kawaida. Mwisho akamgeukia shangazi amwambie huyu mdogo wake kuhusu subira.

Shangazi aliitazama ile futi mikononi mwake. Kisha akasema subira amewagawia watu vya kutosha, leo hana. Leo kaja kusikiliza. Nyumba ina wenyewe wawili, mmoja ameshasema.

Wote wakanitazama. Na mimi nikasema – nimeona haya hata kuandika – ngoja nilete chai.

Ndiyo niko hapa. Kisosi kiko palepale, ukingo wa karata umechungulia. Ningeweza kuinua kidogo tu. Ikiwa ni mizani nitatoka na kifua mbele. Ikiwa ni simba?

Miaka yote shangazi alikuwa anasubiri karata imwambie kitu ambacho mashahidi wake walikuwa wanakijua.

Wako sebuleni. Wananingoja. Sasa shangazi ameniita, si “mwanangu” wa siku zote. Kaniita jina langu lote na la baba, kama karani anavyoita mahakamani.

Maji yamechemka. Nimezima moto. Kisosi sijakiinua, chai sijaitia. Naenda kusema.