Vidonge Nilivyompa Mama Yako

Chumba cha Nyuma, Ghorofa ya Pili,
S.L.P. 218.
14 Machi

Mpendwa mpwa wangu Kitinda,

Leo naanza na nililokuficha miaka sita, salamu zitafuata. Nikitanguliza salamu, najijua, nitaishia hapo hapo. Si kaka yako Fundi Saa aliyemponza mama yako. Ni mimi.

Sasa, hujambo mwanangu? Mguu ulioteguka umepona? Mimi naandika mistari mitatu, napumzika. Hata kikombe nashikiwa. Muuguzi anayekuja asubuhi ananiita "kijana", nami naitika.

Unajua nilifundisha biokemia miaka thelathini na moja. Kila mwaka nilichora ubaoni ukoo mmoja wa vimeng'enya, ndugu wawili. Mmoja yuko kazini kutwa kucha, analinda utando wa tumbo usiunguzwe na asidi. Mwenzake huitwa kazini mwili unapoumia. Huyo ndiye huleta uvimbe, joto na maumivu. Vidonge vingi vya kutuliza maumivu ya viungo haviwabagui: vinamnyamazisha mleta maumivu, na mlinzi naye ananyamaza. Swali la ndugu hao nililirudia kwenye mitihani mpaka wanafunzi wakanicheka.

Magoti ya mama yako yalipovimba, vidonge hivyo nilimpa mimi, nikijua aliwahi kuugua vidonda vya tumbo. Nilikusudia viwe vya siku tano. Lakini dada yangu akaanza kupanda ngazi zetu bila kushika ukuta, majirani wakanisifu, nami sifa zikanilevya. Siku tano zikawa miezi minne.

Asubuhi moja alisimama mlangoni kwangu, mkono tumboni. "Mwalimu, mbona choo changu cheusi kama lami?" Nikamjibu ni vile vidonge vyake vya kuongeza damu, vina madini ya chuma, na chuma hukifanya choo kuwa cheusi. Akacheka: "Haya, daktari wa chaki kashasema!" Fundi alitaka kumpeleka hospitali siku ileile, dada akamkatalia kwa neno langu. Siku ya tatu alianguka bafuni, na hakuamka.

Msibani ulimwambia kaka yako mbele ya watu kwamba alimwacha mama afe huku akihangaikia saa za wateja. Nilikuwa nimekaa katikati yenu. Nilitazama viatu vyangu. Mpaka leo hajajitetea, na ndiye anayenigeuza kitandani. Mpigie simu, tafadhali. Kuwapatanisha ilikuwa kazi yangu, na sasa hata kukaa siwezi bila mto mgongoni.

Nisalimie mumeo na wale pacha. Shangazi yako mshonaji anakusalimu, anauliza kama lile koti bado linakutosha. Mungu akulinde kuliko nilivyomlinda mama yako.

Anayekupenda, hata ukiacha kumpenda,
Mjomba Mwalimu

Nimeshatia sahihi na lenyewe bado sijalisema. Dada alikuwa ameacha vile vidonge vya chuma mwezi mzima kabla ya asubuhi ile. Nilijua, na nilijua weusi ule ni damu ya tumboni. Vilipokwisha, chupa tupu niliitupa mimi mwenyewe.