Mama, Kichupa Kile Kilikuwa Kinadanganya

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia, lakini hukuniruhusu hata siku moja kuanza na neno lingine.

Tangu tulipokuzika kwetu Malindi, hii ya milima ya Lushoto, watu wameniuliza mara nyingi nani alinifundisha kazi ya maabara. Wanategemea nitaje profesa. Nakutaja wewe, mpima damu wa kituo cha afya, uliyefanya kazi miaka yote kwa hadubini moja iliyolegea shingo.

Nakumbuka siku nimetoka shule nakusubiri, tabibu akaingia kwa haraka. Mtoto wa mfanyakazi wa mashamba ya chai alikuwa na homa kali, na tabibu alitaka uandike malaria, apewe dawa, waondoke.

"Sijaona vijidudu, siandiki," ulimwambia.

"Homa yote hii, mama Zaina?"

"Homa naiona. Malaria sijaiona."

Uliitazama ile slaidi, kioo chenye tone la damu yake, mara ya pili, mara ya tatu, kisha ukasisitiza mtoto apelekwe hospitali Lushoto. Kumbe ilikuwa nimonia. Siku kadhaa baadaye mama yake alikuletea kabichi mbili, mtoto mgongoni, nawe ukamfokea kwa kumtembeza kwenye baridi.

Miaka ikapita, nikaja likizo katikati ya masomo yangu ya uzamivu. Tulikuwa jikoni tunamenya viazi, nikakuonyesha picha kwenye simu. Nilikueleza kwamba nina kichupa cha kingamwili, maji kidogo yasiyojaza hata kifuniko cha soda, na kazi yake ni kutafuta kipokezi fulani, protini iliyo juu ya seli za neva. Ikikipata inakishika, na pale ilipokishika panang'aa kijani. Picha zangu zilikuwa nzuri mno. Msimamizi wangu alishaanza kuandaa makala.

Ulifuta mikono kwenye khanga, ukaitazama simu kwa muda.

"Inapendeza," ulisema. "Na ukiiweka kwenye ubongo usio na hicho kipokezi, inanyamaza?"

"Mama, walioitengeneza walishapima."

"Nimekuuliza wewe."

Nilinuna hadi jioni. Nilijisemea moyoni, mpima malaria wa kijijini anajua nini kuhusu seli za neva? Hilo sikuwahi kukuambia. Nisamehe.

Lakini swali lako halikuniacha. Niliporudi Dar es Salaam nikatafuta sampuli za ubongo wa panya waliozalishwa bila kipokezi kile kabisa. Nikaweka kingamwili, nikasuuza, nikatazama. Kijani kilekile, kizuri vilevile. Ilikuwa inashika kitu kingine, na mimi nilikuwa nimekipiga picha mwaka mzima.

Nilikaa chini sakafuni. Hakuna mwingine aliyejua. Ningezitupa sampuli zile, makala ingetoka na mimi ningehitimu. Nikakupigia simu nikilia, nikisubiri useme ulinionya. Uliniuliza kama nimekula. Kisha ukasema, "Kamwambie msimamizi wako leo. Kesho aibu itakuwa imekua."

Nilikwenda. Alikunja uso, hakunisemesha wiki nzima, halafu akaifuta makala. Nilianza upya na kingamwili nyingine, safari hii nikitanguliza sampuli zisizo na kipokezi. Hiyo ilinyamaza ilipotakiwa kunyamaza. Nilichelewa kuhitimu, lakini ulikuja kwenye mahafali na koti lako la baridi, ukatokwa jasho siku nzima ukikataa kulivua kwa sababu ndilo zuri kuliko nguo zako zote.

Sasa nifike kwenye kilichonifanya nikuandikie. Baada ya msiba nilichapisha taarifa fupi ya kuwaonya watafiti wengine kuhusu kichupa kile. Wiki hii mwanafunzi mmoja wa nchi nisiyowahi kufika ameniandikia. Alikuwa ameanza kukitumia, na picha zake, anasema, zilikuwa nzuri mno. Amerudia kipimo, ameona, ameacha. Anauliza nilipata wapi wazo la kupima vile.

Nimemjibu kwa kirefu. Nimemwandikia jina lako, kazi yako, na mahali ulipoifanyia. Amejibu leo asubuhi kwamba ameitafuta Malindi kwenye ramani, akaipata.

Lala salama, mama. Nakuonea fahari kuliko nilivyowahi kukuambia ukiwa hai.

Binti yako,
Zaina