Zabibu Kabla ya Kipimo

Baba watoto,

Chai isiyo na sukari iko kwenye chupa. Dawa umeze ukishakula.

Nimerudi kliniki kukuombea siku nyingine. Walitaka kupima kiasi cha antioksidanti, zile kinga za kwenye matunda, katika damu ya wenye kisukari cha ukubwani. Wakasema uje bila kula. Wewe leo ukaamka alfajiri, ukafakamia bakuli zima la zabibu, eti usifeli! Sukari ikapaa, muuguzi akakurudisha nyumbani kama mtoto wa chekechea, watu wakitazama.

~~Usinisubiri.~~ Nisubiri, ila mbali na jokofu.

Haukuwa mtihani, mzee. Walitaka kujua mwili wako umepungukiwa nini. Nami nataka kujua, maana ukitangulia nitamcheka nani?

Mama watoto